Sura ya Tisa: Dirisha la Orvik

Saa nne kasorobo asubuhi, Landrova ya polisi iliiacha barabara ya Ijara ikajitosa kwenye kijia chembamba kati ya vichaka vya mathenge. Miiba ilikwaruza milango pande zote mbili. Inspekta Kinoti alitazama saa yake kwa mara ya tatu tangu watoke Garissa, akasonya.

Alikuwa na sababu ya kusonya. Saa nane mchana msafara wa mabasi yaendayo Nairobi kwa ulinzi wa polisi ungevuka daraja la Tana, na ndani ya lori la polisi angekuwamo mzee Dubow, mtunzaji wa nyumba ya ziwani, amefungwa pingu kwa kosa la kuua. Kosa hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Jalada lilikuwa limekamilika. Shahidi wa macho alikuwapo. Kidole gumba cha mshtakiwa kilikuwa kimegandamizwa chini ya maelezo ambayo hakuweza kuyasoma. Na sahihi iliyofunga kazi yote hiyo ilikuwa ya Kinoti mwenyewe.

Basi amerudi ziwani kufanya nini? Amerudi kwa ajili ya karatasi moja. Daktari aliyeutazama mwili Alhamisi, na ambaye kwa siku tano nzima hakuwa ametoa neno la maana, asubuhi hiyo alileta ripoti yake kana kwamba analeta mwaliko wa harusi. Jeraha la kichwani, aliandika, ni la kitu cha chuma, cha mviringo, chembamba. Fimbo ya Dubow ilikuwa ya mti, tena nene, yenye panda mwishoni kama fimbo za wafugaji wote wa huko.

"Unatupotezea wakati, Inspekta," alisema Martin kutoka kiti cha nyuma. "Begi langu liko tayari gesti. Msafara huo huo nami nausafiria."

"Utauwahi."

Martin ndiye aliyekuwa shahidi wa macho. Alikuwa mpima ardhi wa kujitegemea kutoka Nairobi, kijana wa miaka thelathini na ushei, suruali ya kaki imepigwa pasi ikasimama, viatu vya ngozi vinang'aa hata katika vumbi lile. Tajiri mmoja ambaye jina lake Martin hakutaka kulitaja alikuwa amemtuma apime kiwanja kinachoizunguka nyumba ya ziwani. Mwalimu mstaafu Abdijabar Shurie, mtu wa Garissa, alikuwa amepinga jambo hilo kwa barua kumi na moja. Nyumba ni ya umma, aliandika, na umma unataka iwe maktaba ya watoto. Alhamisi asubuhi mwalimu alikwenda ziwani kuyasema hayo kwa mdomo. Adhuhuri akakutwa amelala kifudifudi majini.

"Afande, tumefika," alisema Konstebo Kulow, dereva. Kulow alizaliwa Wajir, na ndiye aliyekuwa mdomo wa Kinoti kila palipohitajika Kisomali.

Nyumba ilijitokeza ghafla baada ya kona. Kwa macho ya Kinoti haikuwa nyumba, ilikuwa boksi la viatu lililopakwa chokaa. Paa bapa, kuta nyeupe, mlango mmoja mdogo upande wa barabara, na mfereji wa zege uliochomoza paani kumwaga maji ya mvua. Lakini wazungu walikuwa wakitoka kwao na kamera zao kuja kuipiga picha. Aliyeichora alikuwa msanifu Torvald Orvik, yule aliyejenga maghorofa makubwa katika miji mikubwa ya dunia, na ambaye mwaka wa sitini na nane alimjengea rafiki yake, mtaalamu wa maji, kibanda hiki cha chumba kimoja kando ya ziwa la Desheg. Ziwa lenyewe lilikuwa kona ya mto Tana iliyokatika zamani ikabaki peke yake. Kabla ya mvua za El Niño lilikuwa limebaki tope la ngiri kugaragara. Sasa, Machi ya tisini na nane, lilikuwa limejaa viboko na mamba, ingawa kila siku jua liliyarudisha maji nyuma hatua moja na ushei.

Kinoti alianzia ziwani. Alhamisi alikuwa amechomeka mti pale ulipokuwa mwili, ukingoni kabisa mwa maji. Leo mti ule ulikuwa umesimama kwenye tope lililokauka, na maji yalikuwa hatua sita mbele yake. Kinoti aliupa mgongo, akahesabu kurudi hadi barazani kwa nyumba. Hatua arobaini na moja, tena za kupanda kidogo. Akaandika.

"Yote haya yamo kwenye maelezo yangu," alisema Martin. Alikuwa amesimama chini ya kivuli cha Landrova.

"Yamo. Nayapenda nikiyasikia mara mbili."

Mwanamke mmoja alitoka nyuma ya nyumba amebeba birika. Alikuwa mrefu, mkavu, shungi jeusi, macho mekundu ya mtu ambaye kulia kumemchosha akaacha. Huyo alikuwa Khadra, mke wa Dubow. Siku ya Alhamisi alikuwa mjini kuuza maziwa, kwa hiyo hakuna askari aliyejisumbua kumuuliza chochote.

Kulow alimwamkia kwa Kisomali, akamwita eddo, shangazi. Kinoti alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mama, fimbo ya mume wako ilikuwa na damu. Damu ya nini?"

Khadra alimtazama kuanzia buti hadi kofia, akageuka, akaingia ndani ya nyumba na birika lake.

"Hakunisikia?"

"Amekusikia, afande," alisema Kulow. Alikuna shingo. "Umesimama. Na jua liko hapo. Kwetu mtu akija na jambo zito halafu amesimama, maana yake hataki jibu, anataka kuondoka. Itabidi uingie ukae."

"Nikae wapi? Humo hamna hata stuli."

"Kwenye mkeka."

Kinoti alikuwa amefanya kazi Garissa miaka miwili na nusu, na kwa muda wote huo hakuwa ameketi chini hata mara moja. Alikuwa mtu wa Meru mwenye magoti mabovu na buti zenye kamba ndefu. Akienda kwa wazee alisimama, au aliletewa kiti cha plastiki kutoka dukani. Alitazama saa. Saa nne na nusu. Hakuwa na muda wa kubishana na desturi za watu.

"Martin, ingia tunywe chai."

"Mimi?" Martin alicheka. "Humo mbuzi wamelala mwaka mzima. Mimi na sakafu ya kinyesi wapi na wapi. Nawasubiri hapa."

Chumba kilikuwa na ubaridi wa kushangaza. Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa imefagiliwa ikatakata, hakukuwa na kinyesi wala harufu yake. Ukuta mzima wa upande wa ziwa ulikuwa umekatwa na dirisha moja refu, kutoka pembe hadi pembe, lakini dirisha lenyewe lilikuwa chini mno. Ukingo wake wa juu ulimfika Kinoti kitovuni, wa chini ulikuwa chini ya magoti. Kama mtu mzima amelikata dirisha kwa ajili ya watoto, aliwaza. Ndiyo maana ya umaarufu hii?

Alifungua kamba za buti huku akinung'unika. Akajishusha polepole, mkono mmoja ukutani, magoti yakalia. Akakunja miguu. Khadra akammiminia chai nyeupe ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Kinoti akainua kikombe, akainua na uso.

Ziwa lote lilikuwa mbele yake.

Lilikuwa pale kutoka kushoto hadi kulia, maji ya kahawia yanayometameta, viboko watatu, korongo mmoja, tope la ukingoni na ule mti wake aliouchomeka, wazi kabisa kama kitu kilichowekwa mezani. Kinoti hakunywa. Alibaki ameshika kikombe hewani.

"Mzungu Orvik alikaa na baba yangu kwa mkeka mwezi mzima kabla ya kujenga," alisema Khadra. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikukwama. "Alisema, watu ya hapa wanakaa chini, na nyumba pia itakaa chini. Ukisimama, hakuna ziwa. Ukikaa, ziwa iko."

Kinoti aliweka kikombe chini. Kwa taabu, mkono ukutani tena, akasimama. Dirishani akaona sakafu ya baraza, kiukuta kifupi cha ukingoni, majani makavu, kichaka kimoja. Basi. Alirudi nyuma hadi mlangoni, na kadiri alivyorudi nyuma aliona mbele kidogo tu zaidi. Kutoka mlangoni alihesabu kwa macho labda hatua kumi na tano za ardhi, halafu ukuta mweupe. Hakuna maji, hakuna mti. Akachuchumaa, ziwa likarudi. Akainuka, likapotea.

Kulow, aliyekuwa ameketi zamani, alimtazama mkubwa wake akipanda na kushuka asijue acheke au asali.

"Afande?"

Kinoti aliweka kidole mdomoni. Alirudi kwenye mkeka, akaketi, akakunja miguu, akalitoa jalada kwenye mkoba wake. Alitafuta ukurasa wa maelezo ya Martin. Alikuwa ameuandika kwa mkono wake, na hilo ndilo lililomchoma.

"Damu kwa fimbo," alisema Khadra sasa bila kuulizwa, "ni ya mbuzi. Jumatano alizaa fibaya. Dubow akamfuta mtoto kwa mkono, akashika fimbo. Mbuzi mwenyewe yuko nje, na mtoto yuko. Enda uone."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nani aliuliza?"

Aibu ilimpanda Kinoti usoni na hakuificha. Akageuza kichwa kuelekea mlango, akapaza sauti.

"Martin! Nisaidie jambo moja nimalizie hii karatasi. Ulipomwona Dubow anampiga mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Humo ndani," sauti ya Martin ilijibu kutoka kwenye kivuli. "Hatua moja ndani ya mlango. Nilikuwa napima chumba."

"Umesimama au umechutama?"

"Nimesimama, bwana! Nilishakwambia mimi sakafu hiyo siigusi."

"Na uliona nini?"

"Inspekta, tumeyarudia haya mara ngapi? Niliona ziwa, nikaona mwalimu amesimama ukingoni, nikamwona mzee anamjia kwa nyuma. Akainua fimbo. Nikapiga kelele."

"Ziwa lote uliliona?"

"Lote. Dirisha lile ni la mita kumi na moja, nani asione? Hata kwenye picha linaonekana."

Kinoti aliandika kila neno. Halafu akampa Kulow kalamu, Kulow akatia sahihi kuwa amesikia.

"Njoo basi unionyeshe uliposimama, tumalize."

Viatu vilisikika vikija bila haraka. Martin aliingia hatua moja, tepu yake ya kupimia ikiwa imening'inia kiunoni, tabasamu la mtu anayemvumilia mjinga likiwa mdomoni. "Hapa," alisema. Akageukia dirisha.

Tabasamu lilikaa pale pale kwa muda, kisha likaanza kuondoka lenyewe. Martin alitazama sakafu ya baraza. Alitazama majani makavu. Alisogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia. Nje, kiboko mmoja alikoroma, na sauti yake iliingia chumbani vizuri sana.

"Ziwa liko wapi, Martin?" Kinoti aliuliza taratibu.

"Maji... maji siku ile yalikuwa karibu. Si unajua yanarudi nyuma."

"Hatua sita. Mti niliuchomeka Alhamisi hiyo hiyo, ukingoni. Kutoka barazani ni hatua arobaini na moja. Unazoona hapo ulipo ni kama kumi na tano."

"Basi niliinama! Mtu akisikia kelele haini-"

"Kelele umesema ulipiga wewe, baada ya kuona."

Martin aliishika tepu yake. "Niliinama nikipima dirisha. Kazi yangu ni kupima."

"Lete daftari."

Kwa kuwa mikono ya Martin haikusogea, Kulow alinyanyuka akalichomoa mfukoni mwa mpimaji. Kinoti alifungua ukurasa wenye mchoro wa chumba. Urefu wa chumba ulikuwapo, upana ulikuwapo, mlango ulikuwapo. Dirisha lilikuwa na urefu wake, mita kumi na moja kasoro. Kimo chake hakikuandikwa popote, wala umbali wake kutoka sakafuni.

"Umepima kama unavyopima shamba," alisema Kinoti. "Hukuinama hata kidogo. Ziwa uliliona kwenye picha, ukadhani mpiga picha alisimama. Nami nilikuja na buti zangu, nikasimama ulipo, nikaandika ulichoniambia bila hata kutazama. Tumekuwa wajinga wawili, tofauti ni kwamba mimi sikuua mtu."

"Huwezi kumtia mtu hatiani kwa sababu ya dirisha!"

Hapo Martin alikuwa sahihi, na Kinoti alilijua hilo. Dirisha lilimfanya Martin kuwa mwongo. Halikumfanya muuaji. Wakili mzuri wa Nairobi angeupangusa uongo ule kwa leso, na Dubow angekwenda zake jela.

"Kiwanja kina pembe ngapi?" Kinoti aliuliza.

"Nne."

"Na vyuma vya mpaka ulileta vingapi?"

"Vitatu," alisema Martin haraka mno.

"Pembe nne, vyuma vitatu. Cha nne ungechomeka nini, kijiti cha meno?"

Khadra, ambaye hakuwa amemtazama Martin hata mara moja, aliinyosha shingo kuelekea dirishani. "Kuna chuma huko kwa maji," alisema. "Tangu jana jioni naona. Kichwa yake inatoka. Nilidhani ni ya mtego wa samaki."

Kinoti alifuata kidole chake. Kushoto kwa mti, hatua chache ndani ya maji ya rangi ya chai, kitu chembamba kilikuwa kimechomoza kwa mshazari, urefu wa shubiri, na jua lilikuwa likikipiga. Siku tatu nyuma maji yangekuwa yamekifunika chote. Mtu aliyesimama mle ndani asingekiona kamwe.

"Kulow. Kimbia. Tumia kitambaa, usikishike kwa mkono."

Kulow alipenya dirishani akatoka mbio barazani, na hilo likawa kosa, kwa sababu mlango wa upande wa pili ulibaki na mtu mmoja tu wa kuulinda, na mtu huyo alikuwa ameketi. Martin alizunguka kama aliyechomwa, akatoka. Kinoti akajaribu kuruka. Miguu ilikataa! Ilikuwa imekufa ganzi kuanzia magotini kwenda chini, haimo, si yake. Alianguka upande, birika likapinduka, chai ya moto ikamwagikia mkononi.

"Ufunguo!" alipiga kelele. "Ufunguo uko kwenye gari!"

Mngurumo wa Landrova ulimjibu. Kinoti alitambaa hadi mlangoni akijipiga mapajani kwa ngumi, akatukana kwa Kimeru. Gari lilikuwa limekwisha geuka, vumbi limetimka, linakikimbilia kijia cha mathenge ambacho ndicho njia pekee ya kutokea. Yamekwisha, aliwaza. Gari limekwenda, redio imekwenda, na Dubow amekwenda.

Halafu honi ikalia. Ikalia tena, ndefu, yenye hasira. Kinoti alijishika kwenye fremu ya mlango, akasimama kwa miguu iliyojaa sindano.

Ngamia walikuwa wanakuja kunywa maji. Ilikuwa saa yao. Walijaza kijia kutoka mwiba hadi mwiba, wakiongozana kwa mwendo wao wa taratibu, mia moja au zaidi, na mbele yao alitembea mama mmoja mfupi aliyeitwa Ramlo, ambaye honi hazikumhusu. Martin alipiga honi. Ngamia wa kwanza aliinamisha kichwa, akachungulia kioo cha mbele, akabaki papo hapo. Wa nyuma wakamsukuma. Ndani ya dakika moja gari lilikuwa limezungukwa pande zote, na mlango haukuweza kufunguka kwa wingi wa miguu.

Kinoti alifika akichechemea, akapenya kati ya matumbo na mikia, akamkuta Martin ameukumbatia usukani.

"Mwalimu alinishika mkono," alisema Martin kabla hajaulizwa. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nachomeka chuma cha nne pale ukingoni, akanishika mkono. Aliniita mwizi. Sikutaka... nilimpiga mara moja, nikakitupa hapo hapo."

"Na Dubow?"

"Alikuja baadaye na mbuzi wake. Akauona mwili, akakimbilia kuutoa. Nikasema ndiye."

Kulow alikuja nyuma yao, suruali imelowa hadi mapajani, kipande cha chuma cha mviringo kimeviringishwa kwenye skafu yake. Kichwani mwa chuma kulikuwa na namba ileile iliyogongwa kwenye vyuma vitatu ambavyo Martin alikwisha vichomeka pembeni mwa kiwanja. Kinoti alimfunga Martin pingu, akaichukua redio.

Mkubwa wake wa mjini alimsikiliza mpaka mwisho. "Karatasi nimeshazitia sahihi, Kinoti," alisema. "Mahabusu ameshakabidhiwa kwa msafara. Siwezi kuusimamisha msafara kwa hadithi ya dirisha kwenye redio. Ukimtaka mtu wako, mwahi kwenye kizuizi cha daraja na huyo wako mkononi."

Saa ilikuwa sita na dakika ishirini. Ngamia walichukua nusu saa kupita, na Ramlo alikataa katakata kuwaharakisha.

Walipoondoka, Khadra alipanda kiti cha mbele bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyemwambia ashuke. Mara mbili walizama kwenye matope meusi yaliyoachwa na mafuriko. Mara ya pili Kinoti mwenyewe alisukuma, tope likampaka mpaka kifuani. Kila alipotazama saa, Khadra naye alitazama saa hiyo hiyo, ingawa hakuwa anajua kuisoma.

Kizuizi cha daraja kilikuwa kimeinuliwa walipofika. Saa nane kasoro dakika nne. Mabasi yalikuwa yanaunguruma, malori ya mifugo nyuma yake, na mbele ya yote lori la polisi. Kando ya barabara walisimama watu kama mia mbili. Katikati yao alikuwa Billow Shurie, mdogo wa marehemu, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, bakora kwapani, amekuja kumwona muuaji wa kaka yake akichukuliwa. Nyuma yake walikuwa wanawe na wapwa zake, na wao pia hawakuja mikono mitupu.

Kulow alisimamisha gari mbele ya lori, pua kwa pua. Kinoti alimkabidhi Martin kwa sajini wa msafara, akaonyesha chuma, akaonyesha daftari, akaandika maneno mawili kwenye jalada na kuweka sahihi. Sajini akampa ufunguo wa pingu.

Dubow alikuwa ameketi kwenye sakafu ya lori, mzee mwembamba mwenye shuka ya bluu. Kinoti akapanda lorini, akazifungua pingu.

"Umekwisha achiliwa, mzee. Shuka. Mke wako yuko pale."

Dubow alijisugua vifundo vya mikono. Alimtazama Khadra pale chini, akatazama umati. Hakushuka.

"Shuka, mzee. Wewe ni huru."

"Huru kwa karatasi," alisema Dubow. "Mimi nikishuka, nitafika wabi? Hawa wote wamesikia serikali imesema Dubow ameua. Haikuandika, ilisema. Kwa mdomo, mbele ya watu. Sasa mimi nikitembea hatua kumi, Billow ana haki yake."

Kinoti aligeuka. Uso kwa uso na watu mia mbili, aliliona jambo ambalo kwa siku tano hakuwa ameliona. Kumfungua tu pale na kuondoka kungekuwa ni kumuua kwa mikono ya wengine. Honi ya basi ililia nyuma. Sajini alipiga kelele kuwa muda umekwisha.

"Muda haujaisha!" Kinoti alimfokea. Akasimama ukingoni mwa lori, tope limemkaukia kifuani, kofia haipo. "Kulow, panda hapa. Sema ninavyosema, usipunguze."

Kulow alipanda.

"Mimi ni Inspekta Kinoti. Mimi ndiye niliyemkamata Dubow. Dubow hakumuua Mwalimu Abdijabar. Aliyemuua ni yule pale, amekiri, na chuma alichotumia ninacho."

Kulow alitafsiri kwa sauti kubwa. Minong'ono ilipita kwenye umati. Billow Shurie hakusogea wala hakupepesa macho, akisubiri.

Kinoti alivuta pumzi. Hakuna ofisa aliyewahi kulisema neno hili kwenye daraja lile, na alijua kwamba kabla ya jioni lingekuwa limefika kwa wakubwa wake wote.

"Dubow alikuwa anamtoa ndugu yenu majini. Mimi nilimshika kwa sababu sikuuliza. Nilikosea."

Kulow alifungua mdomo, akaufunga. Akamwegemea mkubwa wake, akanong'ona. "Afande, na hiyo ya mwisho pia?"

"Hiyo hasa."

Kulow akajikohoza, akaisema. Aliisema polepole, kila mtu aisikie.

Kisha Billow Shurie alitoka kwenye umati, akaja hadi chini ya lori. Alimtazama Dubow, akaitoa bakora kwapani, akainama kwa shida ya uzee wake na kuilaza chini kwenye vumbi.

Ndipo Dubow akashuka.